Maneno Madogo Yanayokwamisha Kiingereza Kikubwa

Soma sentensi hizi mbili. Ya kwanza: "The committee investigated the complaint, rejected it and postponed the remaining items." Ya pili: "They looked into it, turned it down and put the rest off." Aliyemaliza sekondari Tanzania au Kenya ataipita ya kwanza bila kusita. Ya pili itamrudisha nyuma mara mbili tatu, ingawa look, turn, put, down na off aliyajua tangu shule ya msingi. Na zote mbili zinasema jambo lile lile: malalamiko yamechunguzwa, yamekataliwa, na mambo yaliyobaki yameahirishwa.

Ndiyo maana ushauri tuliouzoea wa kukuza msamiati, ule wa kukusanya maneno marefu na kuyakariri, hutufaa kidogo sana. Maneno marefu mengi tunayo tayari. Tumesoma baiolojia, jiografia na historia kwa Kiingereza. Evaporation na colonialism si wageni kwetu. Kinachotupiga chenga ni Kiingereza cha mezani, cha kwenye simu, cha kikao cha mtandaoni pale mtu wa London anapozungumza na mwenzake kana kwamba wewe haumo. Hicho kimejaa vile ambavyo walimu huviita phrasal verbs: kitenzi kifupi kinafuatwa na kijineno kama up, off, out au down, na maana inayotokea si ya kitenzi wala ya kijineno.

Kwa hiyo nakuomba uache kwa muda kuwinda makubwa, ushughulike na madogo.

Kwanza, usijione mzito wa kichwa. Mwaka 1066 Wanormandi kutoka kaskazini mwa Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa muda mrefu baadaye wakubwa walizungumza Kifaransa, kanisa na wasomi wakaandika Kilatini, na mkulima akabaki na Kiingereza chake. Matokeo yake ni lugha yenye maneno mawili mawili kwa mambo mengi: moja fupi la nyumbani, jingine refu la ofisini lililotoka Kilatini au Kifaransa. Kuzima moto ni put out, na pia ni extinguish. Kuvumilia ni put up with, na pia ni tolerate. Kusalimu amri ni give in, na pia ni surrender. Vitabu vya shule na barua za serikali huegemea kundi la pili, wakati watu wakikaa kupiga soga hutumia la kwanza. Mtoto wa Kiingereza huanza na put out, akaja kukutana na extinguish ukubwani. Sisi wengi tumeanza na extinguish, tena kwa kuisoma kwenye mtungi mwekundu ulioning'inia kwenye korido. Hata Samuel Johnson, alipotoa kamusi yake kubwa mwaka 1755, alieleza katika dibaji kwamba vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowatesa wageni kuliko kitu kingine chochote.

Anza na kijineno, si kitenzi

Vitabu vingi vya mazoezi hupanga orodha kwa kitenzi: take off, take on, take up, take over, take in, take after. Ukikariri orodha hiyo usiku, asubuhi utakuwa na mchanganyiko kichwani, maana vyote vinafanana kwa mbele na maana zake ziko mbalimbali. Geuza mpango. Kamata kijineno kimoja, ukifuate kwenye vitenzi kumi, uone kinafanya kazi gani humo.

Hapo Mswahili ana mtaji. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Ziba, zibua. Tega, tegua. Hakuna aliyekukalisha chini kukueleza kwamba mkia huo unatengua tendo, lakini ukisikia kitenzi kipya chenye mkia huo, unahisi. Kijineno cha Kiingereza nacho ni mkia wa kitenzi, ila kimeandikwa mbali nacho. Ukiacha kukiona kama neno la kuonyesha mahali, yaani juu, chini, nje, utaanza kukisikia.

Chukua up. Kazi yake kubwa ni kuonyesha kwamba jambo limefika mwisho. Eat ni kula. Eat up ni kula mpaka sahani ikabaki nyeupe. Use up ni kutumia kikaisha. Tear ni kuchana. Tear up ni kuchanachana karatasi isifae tena. Ni kama tunavyosema kutupilia mbali badala ya kutupa tu. Kazi ya pili ni kuongezeka: speak up, paza sauti, speed up, ongeza mwendo, turn up the radio, fungulia redio zaidi. Ya tatu ni kujitokeza: he turned up at midnight, aliibuka saa sita ya usiku, something has come up, kuna jambo limejitokeza. Sentensi hii ya mwisho iweke moyoni hata kama utasahau nyingine zote. Ndiyo inayotumika kujitoa kwenye miadi bila kueleza sababu, na hakuna Mwingereza mwenye adabu atakayekuuliza ni jambo gani.

Off hutenganisha, hukata, huondoa. Ndege ikiacha ardhi, it takes off. Mtu akivua viatu, he takes them off, na hapo unaona kwamba ni maana ile ile: kitu kimebanduka kilipokuwa. Cut off ni kukatiwa, iwe maji, umeme au simu. Set off ni kushika njia. Call off ni kufuta kabisa shughuli iliyopangwa, na put off ni kuisogeza mbele. Chunga tofauti ya hivyo viwili, kwa sababu ukiambiwa harusi is off na wewe ukadhani imesogezwa, utashona sare bure. Lay off ni kupunguza wafanyakazi. Ukiona maneno hayo kwenye barua pepe ya mwajiri, isome yote.

Out inatoa kilichokuwa ndani. Find out, work out, figure out: jambo lilikuwa limejificha, sasa limejulikana. Hand out: vilikuwa mkononi mwa mmoja, vimegawiwa. Run out, sell out, wear out: vilikuwemo, vimeisha au vimechakaa. We have run out of sugar ni sukari imetuishia, na angalia kwamba Kiswahili kinaifanya sukari iishe wakati Kiingereza kinamfanya mwenye nyumba aishiwe. Ukisema the sugar has finished, utaeleweka, lakini mzawa atajua mara moja kwamba ulikuwa unafikiri kwa lugha yako.

Down hupunguza: slow down, calm down, cut down on salt. Pia huangusha: break down ni gari kukufia njiani au mtu kuangua kilio, na shut down ni kufunga kiwanda au kuzima kompyuta. On huendeleza: carry on, keep on, read on. Hivyo vitano vikikukaa, utashangaa ni vingapi usivyowahi kukutana navyo vitakavyojifungua vyenyewe.

Si vyote lakini. Make up peke yake ni kupatana baada ya ugomvi, kutunga uongo, kujipodoa na kuunda sehemu ya kitu kizima, na sioni faida ya kutafuta kamba moja ya kuvifunga vyote hivyo. Mgeni anayejifunza lugha yetu naye hukuta kwamba tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga mbizi, tunapiga chafya, na hakuna anayeumia. Humpi kanuni, unamwambia azoee. Nawe zoea.

Kitu kinakaa wapi

Hapa ndipo wenye digrii huteleza, na kanuni yenyewe ni fupi. Vitenzi vingi vya aina hii vinapasuka. Unaweza kusema turn down the offer, unaweza kusema turn the offer down, zote sawa. Lakini ukitumia kiwakilishi, yaani it, him, them na wenzake, lazima kikae katikati: turn it down. Turn down it hakuna, popote, kwa lafudhi yoyote.

Vingine havipasuki. Look after the children, look after them. Huwezi kumweka mtoto kati ya look na after. Vyenye maneno matatu navyo mara nyingi husimama pamoja: put up with the noise, come up with an idea, look forward to the meeting. Hiki cha mwisho kimeharibu barua nyingi za maombi ya kazi. To iliyomo humo haifuatwi na kitenzi kitupu. Andika I look forward to hearing from you. Ukiandika to hear, msomaji makini atakuwa ameliona kosa kabla hajafika kwenye jina lako.

Utajuaje kipi kinapasuka? Usikisie. Kamusi za wanaojifunza Kiingereza, kama Oxford Advanced Learner's Dictionary au Longman Dictionary of Contemporary English, huonyesha jambo hilo waziwazi. Ukifika kwenye neno put, teremka mpaka mwisho wa maelezo yake. Huko ndiko vitenzi hivi huwekwa pamoja. Ukiona mshale wenye ncha mbili kati ya kitu na kijineno, kinapasuka. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ni nzuri ya kukupa maana ya haraka, mimi mwenyewe naitumia, lakini haiwezi kukubebea mambo haya. Longman hueleza maana zake kwa maneno kama elfu mbili tu ya kawaida, kwa hiyo huna sababu ya kuiogopa.

Sikio lipate kazi yake

Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio letu limezoea hivyo. Kiingereza mara nyingi hukikazia kijineno. Katika turn it down, nguvu iko kwenye down. Ukiweka nguvu kwenye turn, sentensi sahihi itasikika kama imepinda. Kisha kitenzi kikigeuka jina, nguvu inahama: the car will break down, nguvu kwenye down, a breakdown, nguvu kwenye break. Vivyo hivyo set up na setup, hand out na handout.

Tena maneno haya husemwa yameungana. Pick it up hutoka kama pikitap. Put it off kama putitof. Mtu anayesubiri kusikia maneno matatu hatasikia hata moja. Dawa ni kusikiliza kipande kifupi, kukisimamisha, na kukisema kwa sauti kwa mwendo ule ule, mara kadhaa, mpaka ulimi uchoke. BBC Learning English wana vipindi vingi vya bure vya kufanyia hivyo.

Lakini shule bora ya sikio kwa wengi wetu ipo kila Jumamosi kwenye kibanda umiza, nayo ni utangazaji wa Ligi Kuu ya England kwa Kiingereza. Sisemi hivi kwa utani. Mtangazaji hana muda wa maneno marefu. Mpira unakimbia, na vitenzi vifupi ndivyo vinavyoweza kuukimbiza. Zaidi ya hapo, unaona kwa macho kile anachokisema, kwa hiyo huhitaji kamusi. Mshambuliaji akiangushwa kwenye eneo la hatari, he is brought down in the box. Beki akipewa nyekundu, he is sent off, na off ni ile ile ya kubandua: ametolewa uwanjani. Kocha akimtoa mtu, he takes him off. Akimwingiza mwingine, he brings him on. Viungo wanapombana mwenye mpira asipate nafasi ya kupiga pasi, they close him down. Timu iliyofungwa mabao mawili ikirudisha moja, they pull one back. Inayoongoza ikiulinda ushindi mpaka filimbi ya mwisho, they see the game out. Kipa akiokoa lililokuwa haliokoleki, he pulls off a great save, na hapo off haifuati mantiki yangu hata kidogo. Imeze hivyo hivyo.

Tazama nusu ya kwanza na daftari. Jirani atakucheka, halafu wiki ya pili atakuuliza umeandika nini.

Makosa ya hapa kwetu

Kiingereza cha Afrika Mashariki kina tabia zake, na sidhani kuna dhambi tukiongea hivyo wenyewe kwa wenyewe. Shida huja kwenye mtihani, kwenye usaili, au mbele ya mtu asiyetujua. Tunasema I will pick you at five. Kwa wazawa pick ni kuchagua, na anayekufuata kwa gari atasema pick you up. Tunasema cope up with; up hiyo haina kazi, ni cope with. Tunasema put off the lights, wakati huko kwao put off ni kuahirisha, na taa kwa kawaida wanasema turn off au switch off. Tunasema fill the form, kana kwamba fomu ni ndoo. Ni fill in au fill out. Tunasema discuss about na emphasize on, tukiongeza kijineno pasipohitajika. Angalia mwelekeo wake: tunakidondosha kinapotakiwa na kukiweka kisipotakiwa. Hiyo ndiyo dalili ya mtu aliyejifunza vitenzi na kuviacha vijineno vijitafutie.

Maneno makubwa nayo

Yana wakati wake. Ukiwa unakwenda kusoma chuo kikuu, yapo maneno ambayo hayakwepeki. Averil Coxhead wa New Zealand alitoa mwaka 2000 orodha iitwayo Academic Word List, yenye familia 570 za maneno yanayojirudia katika vitabu vya taaluma mbalimbali: assume, derive, significant, evaluate. Inapatikana bure, na mtu wa kidato cha sita atakuta mengi anayafahamu. Paul Nation, wa New Zealand pia, alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma gazeti au riwaya bila msaada kunahitaji familia za maneno elfu nane hadi elfu tisa. Usiogope hesabu hiyo. Nyingi huingia kwa kusoma vitabu, si kwa kukariri.

Ukiisoma orodha ya Coxhead, usiandike neno na maana yake tu. Andika neno na rafiki zake. Kwetu mtu hula kiapo, hakati kiapo. Hukata shauri, hali shauri. Kiingereza nacho ni hivyo: you make a decision, reach a conclusion, meet a deadline, raise a concern, pose a threat. Anayejua maana ya threat na hajui kwamba tishio huwa posed atakwama katikati ya sentensi.

Kuhusu daftari sina mengi. Kila neno liingie ndani ya sentensi yako mwenyewe, inayohusu maisha yako, ya kweli. "The landlord put up the rent" itakukaa zaidi ya sentensi yoyote ya kitabuni kama kodi imepanda kweli. Kama unapenda kujifunza kwa kadi, tumia mpango wa Sebastian Leitner, Mjerumani aliyeueleza mwaka 1972: kadi uliyoijibu vizuri inasogea kisanduku cha mbele na kurudiwa baada ya siku nyingi, uliyoikosea inarudi cha kwanza na kurudiwa kesho. Maneno machache kwa wiki yanatosha. Anayejaza thelathini kwa usiku mmoja anabukua tu.

Jambo la mwisho ni kujua lini utumie kipi. Kwenye ripoti ya bodi andika postponed. Ukimwandikia mwenzako ujumbe wa simu, put off. Kwenye mtihani wa IELTS msamiati ni kimojawapo cha vigezo vinne, katika kuandika na katika kuzungumza, kila kimoja kikibeba robo ya alama. Watahiniwa wengi hujaza misemo waliyoikariri, mvua ya paka na mbwa (raining cats and dogs) na mingineyo, mahali pasipo na mvua. Usifanye hivyo. Katika chumba cha mazungumzo, ambako una dakika kati ya 11 na 14, run out of time na come up with a solution zikitoka zenyewe zitakusaidia kuliko neno refu ulilolibeba kutoka nyumbani na kulitafutia pa kulitua.

Kamusi ya Oxford na ya Longman zote zina toleo la bure mtandaoni. Fungua moja leo kwenye neno put, teremka mpaka mwisho, utafute mishale ya ncha mbili, na uandike sentensi tatu kuhusu wiki yako.